KOMPYUTA YA KUUNGANISHA: NAMNA YA KUCHAGUA VIFAA VYAKE



Makala hii inahusu jambo ambalo wengi wetu hapa Tukuyu na vijiji vya Rungwe tunaulizana kila msimu wa mauzo ya chai, ndizi na parachichi unapofika: familia imeweka akiba, kijana anasoma, kompyuta inahitajika nyumbani. Je, tununue iliyokamilika dukani, au tununue kifaa kimoja kimoja na kumpa fundi aunganishe? Na tukiamua kuunganisha, tuchague vipi?

Swali hili si dogo. Fedha inayotoka kwenye jasho la mkulima haipaswi kuishia kwenye kasha linalowaka taa na kuganda kila baada ya dakika kumi. Na ikiwa fedha yenyewe ni michango ya wazazi kwa ajili ya madrasa, basi hiyo ni amana, na aliyetumwa kununua ataulizwa.

Hata serikali zimewahi kujifunza somo hili. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, aina ya ICT 1500, ikawekwa Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya kuonekana kwamba mitambo iliyogharimu fedha nyingi haikuleta faida iliyotarajiwa. Katazo hilo lililegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Funzo tunalolipata ni kwamba mashine huja baada ya kazi, wala kazi haiji baada ya mashine.

1. ANZA NA KAZI

Kabla hujaenda dukani, chukua karatasi uandike kompyuta itafanya kazi gani. Kwa familia nyingi na kwa madrasa nyingi orodha huwa hii: kuandika barua na mitihani kwa Kiswahili na Kiarabu, kutunza hesabu za michango na mahudhurio, kusikiliza visomo, kutazama masomo ya video, kutumia intaneti na kuchapa karatasi. Kazi zote hizi ni nyepesi. Hazihitaji kadi ya picha ya bei kubwa, wala prosesa ya kifahari. Kadi hiyo ni ya mtu anayehariri video, anayechora ramani za majengo, au anayecheza michezo mizito. Kununua nguvu usiyoitumia ni israfu, hata kama muuzaji anakusifia.

Jiulize pia kama kweli unahitaji kompyuta ya mezani. Kompyuta ya mkononi ina betri, na umeme ukikatika haizimiki. Mwanafunzi wa bweni au anayehamahama imfae hiyo. Kompyuta ya mezani inafaa pale inapokaa mahali pamoja na kutumiwa na wengi. Faida yake kubwa ni kwamba kikiharibika kifaa kimoja unabadilisha hicho tu, na ukipata uwezo baadaye unaongeza kidogo kidogo.

2. MPYA AU ILIYOTUMIKA?

Maduka mengi ya Mbeya na Kariakoo huuza kompyuta zilizotumika maofisini ng'ambo, kama Dell OptiPlex na HP. Nyingi ni imara na bei yake ni nafuu, kwa hiyo usizidharau. Lakini zina mambo mawili ya kuangalia.

Kwanza, zile ndogo nyembamba mara nyingi hutumia pawa saplai na mazabodi za umbo lao wenyewe. Ikiungua pawa saplai, ya kawaida ya dukani haiingii. Utalazimika kutafuta ya aina ile ile.

Pili, umri. Usidanganyike na maneno "Core i7" yaliyobandikwa mbele. Tazama namba inayofuata. Kwa prosesa za Intel za mfumo huo, tarakimu za mwanzo baada ya kistari huonyesha kizazi: i7-2600 ni kizazi cha 2, ya mwaka 2011, i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni kizazi cha 8, i3-12100 ni kizazi cha 12, iliyotoka mwaka 2022. Hiyo i3 ya kizazi cha 12 inaishinda i7 ya kizazi cha 2 kwa mbali, tena kwa umeme mdogo. Ni sawa na kuuliza gari lina injini kubwa kiasi gani bila kuuliza ni la mwaka gani.

Kuna jambo jingine la umri. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu, isipokuwa chache, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hiyo ukinunua ya kizazi cha 6 leo, jua kwamba utahitaji kutumia mfumo mwingine kama Linux, ambao ni wa bure na unafanya kazi vizuri kwenye mashine za zamani.

Ukiamua kuunganisha mpya, endelea nasi.

3. PROSESA

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Watengenezaji wakubwa ni wawili, Intel na AMD, na wote wana za kutosha kwa kazi zetu. Mfano wa Intel ni Core i3-12100. Mfano wa AMD ni Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Intel huuza pia i3-12100F. Herufi F mwishoni ina maana kwamba prosesa hiyo haina sehemu ya kutoa picha. Ukiifunga bila kadi ya picha, kompyuta itawaka, feni zitazunguka, lakini monita itabaki nyeusi. Kwa AMD za mfululizo huo wa 5000, herufi ya kutafuta ni G: 5600G ina sehemu ya picha ndani yake, ilhali 5600 na 5600X hazina. Yenye F huwa nafuu kidogo, na mnunuzi huona amepata, kumbe atalazimika kununua kadi kwa bei inayozidi kile alichookoa. Andika namba yote kwenye karatasi yako, mpaka herufi ya mwisho.

Uliza pia kama prosesa inakuja na feni yake ndani ya boksi. Zile zinazouzwa bila boksi mara nyingi hazina.

4. MAZABODI

Hii ni bodi kuu inayobeba vifaa vyote. Kila prosesa ina tundu lake, liitwalo soketi, na soketi zisipolingana hakuna fundi awezaye kuzilazimisha. Intel za kizazi cha 10 na 11 hutumia soketi LGA1200. Za kizazi cha 12, 13 na 14 hutumia LGA1700. Ryzen 5 5600G hutumia AM4. Ryzen mpya zilizoanza mwaka 2022 kwa mfululizo wa 7000 hutumia AM5.

Hata soketi zikilingana, mazabodi ya AM4 iliyokaa dukani muda mrefu yaweza kuwa na programu yake ya ndani, iitwayo BIOS, ya zamani kiasi cha kutoitambua prosesa mpya. Mwambie muuzaji aifunge prosesa na kuiwasha mbele yako. Ikikataa, aisasishe BIOS kabla hujalipa.

Tazama pia matundu ya nyuma ya mazabodi. Kama monita uliyo nayo ni ya zamani yenye waya wa VGA, chagua mazabodi yenye tundu la VGA, au nunua monita yenye HDMI. Wapo waliofika nyumbani na kila kitu kizima, wakakwama kwa waya tu.

5. RAM

RAM ni meza ya kazi. Kabati la kutunzia vitabu laweza kuwa kubwa, lakini kama meza ni ndogo huwezi kufungua vitabu vitatu kwa pamoja. Kwa leo GB 8 ndicho kiwango cha chini, na GB 16 inatosha familia kwa miaka mingi.

Angalia aina. DDR4 na DDR5 haziingiliani. Pengo lililochongwa kwenye kadi liko mahali tofauti. Mazabodi za LGA1700 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, kwa hiyo usitosheke na jina la soketi, soma maelezo ya bodi yenyewe. AM4 ni DDR4 tu, na AM5 ni DDR5 tu.

Kama fedha inaruhusu, nunua mbili za GB 8 kuliko moja ya GB 16. Zikiwa mbili hufanya kazi sambamba, na hilo hulisaidia sana picha ile inayotolewa na prosesa, kwa kuwa inatumia RAM hiyo hiyo. Kama fedha haitoshi, funga moja ya GB 8 sasa na uache nafasi ya pili wazi kwa mavuno yajayo.

Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda duniani kote, kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji wao kwenye mitambo ya akili bandia. Ndiyo maana hatukuandika bei katika makala hii. Uliza maduka matatu, siku ile ile, kwa namba zile zile za vifaa.

6. SEHEMU YA KUTUNZIA

Kama una fedha ya kuboresha kitu kimoja tu, boresha hapa. Hadi diski ya kuzunguka husoma takriban MB 100 hadi 200 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika takriban MB 550. SSD ya NVMe, hata ya kiwango cha kawaida, yaweza kufika MB 2,000 hadi 3,500. Kompyuta ya zamani iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka, ukiibadilishia diski tu, huwaka ndani ya muda mfupi kama mpya.

SSD ya GB 256 inatosha mfumo na nyaraka. Visomo na video ziwekwe kwenye hadi diski ya pili, ambayo bei yake kwa kila GB ni nafuu. Kumbuka kwamba SSD ndogo bapa za M.2 ziko za aina mbili, SATA na NVMe, na umbo lao linafanana. Soma mazabodi yako inapokea ipi.

Jihadhari na diski za kughushi zinazoandikwa TB 2 kwa bei ya kutupa. Ndani yake mna nafasi ndogo tu, na programu imebadilishwa ili iseme uongo. Faili za mwanzo huonekana salama, kisha zinazofuata zinafuta zilizotangulia. Programu za bure kama H2testw huandika data kwenye diski mpya tupu na kuisoma tena ili kujua ukweli wake. Fanya kipimo hicho kabla hujaweka kumbukumbu zako.

7. PAWA SAPLAI NA UMEME WETU

Hiki ndicho kifaa ambacho watu hukibania fedha, nacho ndicho kikifa vibaya huondoka na wenzake. Makasha mengi ya bei ya chini huja na pawa saplai nyepesi iliyoandikwa wati 500 isizoweza kuzitoa. Tuchukue hesabu: i3-12100 ikifanya kazi kwa nguvu zote hutumia wati 89. Ukijumlisha mazabodi, RAM, diski na feni, kompyuta yetu isiyo na kadi ya picha haifiki wati 200. Basi pawa saplai ya kweli ya wati 400 au 450, yenye alama ya 80 PLUS kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, inatosha na kubaki. Bora wati 400 za kweli kuliko 700 za karatasi.

Umeme wa Tanzania ni volti 230. Baadhi ya pawa saplai, hasa za zamani, zina swichi ndogo nyekundu nyuma yenye maandishi 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka kwetu, italipuka mara moja. Itazame kabla ya kuchomeka kwa mara ya kwanza, na mkataze mtoto kuichezea.

Nchi yetu imepitia migao mikubwa ya umeme mwaka 2006, mwaka 2011, na tena mwishoni mwa 2023 hadi mapema 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuzalisha mwezi Februari 2024. Lakini kwetu Rungwe, penye mvua nyingi, miti mirefu na radi, nyaya hukatika hata kama nchini umeme upo wa kutosha. Kwa hiyo tengeni fedha ya UPS tangu mwanzo. UPS ya VA 650 huwa na uwezo wa wati zipatazo 360, ambazo zinaitosha kompyuta yetu na monita kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo, kwa sababu inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

Radi ikianza kunguruma, zima na uchomoe waya ukutani, pamoja na waya wa intaneti kama upo. UPS si kinga ya radi iliyopiga karibu. Na hakikisha nyumba ina waya wa ardhini uliofungwa na fundi anayeaminika.

8. KASHA, UNYEVU NA WADUDU

Kasha si pambo. Lichague lenye nafasi ya hewa mbele na feni nyuma. Baridi ya Tukuyu inaipunguzia kompyuta joto, hiyo ni neema, lakini unyevu wetu ni adui. Usiiweke kompyuta juu ya sakafu ya saruji wala karibu na ukuta unaovuja. Iwe juu ya meza, mbali na moshi wa kuni na vumbi la chaki. Kompyuta inayowashwa mara kwa mara hukauka kwa joto lake. Inayofungiwa stoo miezi mitatu ndiyo inayoota kutu. Ukiitoa kwenye baridi kali na kuiingiza chumba chenye joto, isubiri saa moja au mbili kabla ya kuiwasha, maana matone ya maji huweza kujitengeneza ndani.

Nyuma ya kasha kuna vibati vya kuziba nafasi za kadi. Visiachwe wazi, kwani mende na panya hupitia hapo.

9. KIARABU NA PROGRAMU

Wengi wetu tumeona mtihani wa madrasa uliochapwa steshenari ukitoka na herufi za Kiarabu zilizoachana, tena zikianzia kushoto. Kosa hilo halitoki kwenye prosesa. Linatoka kwenye programu isiyojua kuunganisha herufi za Kiarabu. Windows za sasa na Linux zote zinakijua Kiarabu. Unaongeza lugha kwenye mipangilio, unaweka fonti nzuri kama Amiri, ambayo ni ya bure, na unabandika stika za herufi kwenye kibodi. LibreOffice, nayo ya bure, huandika kutoka kulia bila tatizo.

Tumetaja za bure kwa makusudi. Programu iliyovunjwa kufuli ni haki ya mtu iliyochukuliwa bila ridhaa yake, na mara nyingi huja na virusi ndani. Ama leseni iingizwe kwenye bajeti, ama zitumike za bure.

10. KABLA YA KULIPA

Katika fiqhi ya biashara, muuzaji anatakiwa abainishe kasoro ya bidhaa, na mnunuzi aliyefichwa kasoro ana khiyari ya kurejesha. Lakini haki bila ushahidi ni ngumu kuidai. Kwa hiyo fanya haya:

(a) Nenda na karatasi yenye namba kamili za vifaa, na linganisha na boksi herufi kwa herufi.

(b) Iunganishwe na kuwashwa mbele yako. Ingia kwenye BIOS uone jina la prosesa, kiasi cha RAM na diski. Iache iwake walau nusu saa.

(c) Dai risiti ya mashine ya EFD, na muda wa dhamana uandikwe juu yake pamoja na namba za vifaa.

(d) Hifadhi maboksi mpaka dhamana iishe.

Kama unaagiza kutoka Dar es Salaam, kumbuka kwamba kifurushi kitasafiri zaidi ya kilomita 800 ndani ya buti la basi. Feni kubwa nzito ya prosesa na kadi ya picha zifunguliwe na kufungwa peke yake. Hadi diski abebe mtu mkononi. Monita isimame ndani ya boksi lake, isilazwe chini ya mizigo.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, tukifupisha, utaratibu ni huu: kazi kwanza, kisha prosesa yenye picha ndani, mazabodi yenye soketi na aina ya RAM inayolingana, RAM ya GB 8 au 16, SSD, pawa saplai ya kweli, kasha lenye hewa, na UPS. Fedha ikipungua, punguza ukubwa wa prosesa na monita. Usipunguze pawa saplai wala UPS, maana hizo ndizo zinazolinda vingine vyote.

Na kwenu wanafunzi: fundi anapounganisha, msikae mbali. Ombeni ruhusa, simameni karibu, ulizeni kila kifaa jina lake na kazi yake. Miaka michache ijayo, in shaa Allah, wazazi wa Tukuyu wasihitaji kumtafuta fundi mbali, wawatafute ninyi.